Stima Ikipotea, Dari ya Jirani Inalowa

SWALI: Assalaam aleikum. Nina tangi la samaki la kioo, urefu sentimita 120 na upana 45. Ndani ya kabati, chini yake, kuna tangi dogo la kuchujia maji, 60 kwa 30. Tunaishi ghorofa ya tatu. Kila stima ikipotea maji humwagika kabatini, na juzi yamefika kwenye dari ya jirani wa chini. Fundi amebadilisha pampu, hali ni ile ile. – Msomaji, Tudor

JIBU: Waaleikum salaam. Pampu umeionea bure. Ikizima, paipu inayopandisha maji huanza kuyashusha. Maji hujivuta yenyewe na hayaachi mpaka mdomo wa paipu uvute hewa. Basi tazama mdomo huo umezama kiasi gani. Katika tangi lako, kila sentimita moja ya kina ni lita 5.4. Mdomo ukizama sentimita 10, zitashuka lita 54, na hizo hulipandisha tangi la chini sentimita 30. Haliwezi kuzibeba.

Uinue mdomo ubaki sentimita 2 chini ya uso wa maji. Sasa zitashuka kama lita 11, yaani sentimita 6 kule chini, pamoja na kidogo kilichomo ndani ya mabomba. Ongeza kinga: toboa paipu tundu la milimita 5 au 6, chini kidogo tu ya uso wa maji, ili hewa iingie mapema. Tundu hilo huzibwa na mwani, kwa hivyo lisugue kila wiki. Vali ya njia moja kwenye paipu hii tusingeitegemea. Chembe ya mchanga au konokono mdogo akikwama, haifungi.

Kisha pima. Zima pampu, acha maji yashuke yote, halafu rekebisha tangi la chini libaki sentimita 5 kabla ya ukingo. Washa, subiri maji yatulie, uchore mstari hapo yalipo. Unapoongeza maji, usiupite mstari huo kamwe.

Liko pia la kinyume chake: jani likiziba tundu la kushushia maji kutoka tangi la juu kwenda la chini, pampu huendelea kujaza tangi la juu. Chumba cha pampu, yaani sehemu ya tangi la chini ilipokaa pampu, kikiwa na lita 20 za kuvutwa, juu zitapanda karibu sentimita 4. Acha nafasi hiyo chini ya ukingo, au weka paipu ya pili ya kushushia, juu kidogo ya ile ya kwanza.

SWALI: Mimi nina tangi dogo lenye pampu ya hewa tu. Nalo lina hatari? – Msomaji, Likoni

JIBU: Ndiyo, ikiwa pampu iko chini ya usawa wa maji. Stima ikikatika, maji hurudi kwa kimpira cha hewa hadi kwenye pampu, na kutoka hapo hadi sakafuni. Itundike juu ya tangi. Kama haiwezekani, tia vali ya njia moja kwenye kimpira, mshale ukielekea tangini. Waya wake uninginie chini kuliko soketi kabla ya kupanda, ili matone yadondoke pale.

Na kwa mji wetu huu wa maji ya mgao: usiache mpira wa maji tangini na mfereji mkavu ukiwa wazi. Maji hurudi saa nane za usiku, wakati nyote mmelala.