Kuteremka na upepo kwenye boya la kukalia

Mvuvi wa boya la kukalia, yaani boya la kujazwa hewa analoketi ndani yake likielea ziwani, hana kasia. Ana mapezi ya kuogelea miguuni tu, na akiyapiga anakwenda kinyumenyume. Shika hilo kwanza, maana mambo yote ya upepo yanatoka hapo.

Kwenye ziwa kama Henrys Lake, jimbo la Idaho nchini Marekani, asubuhi maji hulala, mchana upepo huamka. Anayeanza hushuka majini alipoegesha gari, anaachia upepo umchukue, kisha alasiri anarudi akipigana na wimbi huku miguu imemkaza. Anza kwa kupanda joshini, yaani upande upepo unakotoka, ungali na nguvu, ukiambaa ufukwe, halafu uvue ukiteremka kuelekea gari. Mawimbi yakianza kuvunjika vichwa vyeupe, upepo umeshafika kama kilomita 15 kwa saa: toka ufukwe wowote ulio karibu, urudi kwa miguu. Na jaketi la kuokolea livae mwilini, usilifunge nyuma ya kiti.

Ukiupa upepo mgongo, unatupa mshipi bila taabu, na kila teke linakurudisha joshini, hivyo miguu ndiyo breki. Ubaya wake, unaufuata mshipi wako mwenyewe. Mshipi unalegea, na samaki aina ya trauti akigusa humsikii. Uvute haraka kuliko unavyosogea, ncha ya fimbo ikikaribia maji. Ukiupa upepo uso, mshipi unabaki umenyooka mbele yako na kila mguso unafika mkononi. Lakini hapo mapezi hayazuii, yanakuongezea mwendo.

Kina ndicho kinachowaponyoka wengi. Mshipi unaozama sentimita 7 kwa sekunde unataka zaidi ya sekunde 40 kufika mita 3. Boya likisogea nusu mita kwa sekunde, muda huo limekwenda mita 20, na mshipi umevutwa juu au umelegea kabla haujafika. Ukiwa umeupa upepo mgongo, piga mapezi boya lisimame mpaka umalize kuhesabu sekunde hizo. Ukiwa umeupa uso, endelea kutoa mshipi kwenye rili kadiri unavyosogea. Ili ujue kama kweli umesimama, linganisha mti wa ufukweni na kilele kilicho nyuma yake.

Kindoo cha turubai chenye mdomo wa sentimita 40, kikikokotwa majini kwenye kamba ya mita 2, kinapunguza mwendo vizuri. Kifunge pande zote mbili za boya. Kikifungwa upande mmoja, boya linageuka. Tumia fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja. Boya nalo, likijazwa juani, hulegea likiingia maji ya baridi, kwa hiyo likague baada ya dakika 10.

Sehemu tamu kuliko zote ni mistari ya povu inayolala kufuata upepo. Mwanasayansi Mmarekani Irving Langmuir aliieleza mwaka 1938: maji ya juu hujizungusha kama misokoto mirefu iliyolala sambamba, na yanapokutana na kuzama huacha povu na wadudu juu. Teremka kando ya mstari, ukitupa ukingoni mwake. Ukiisha, panda tena kwa mbali pembeni, usije ukawatawanya samaki unaowarudia.