Mwanangu, kile kitabu nimekimaliza

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Hapa Tanga hatujambo. Mvua za vuli zimeanza, na mwembe wa uani umeshaangusha tawi moja juu ya banda la kuku. Baba yako anakusalimu.

Swali lako nimelisoma nikalirudia. Umeniuliza kile kitabu ulichoniachia ulipokuja likizo, The Hate U Give, riwaya ya Angie Thomas wa Marekani, kimenigusa vipi, na kama mjukuu wangu, ambaye Januari anatimiza miaka 12, umpe akisome sasa au umfichie kwanza.

Nikuambie ukweli, nilikianza kwa kinyongo. Mwanzo wake ni sherehe ya vijana, muziki juu, bangi, na matusi yanayotoka bila breki. Nikajiuliza, huyu mwanangu ameona nini humu? Hata Kiingereza chenyewe ni cha mtaani, maneno mengine ikabidi nimwite mdogo wako anifafanulie. Mara risasi zikalia pale kwenye sherehe, Starr na rafiki yake wa tangu utotoni, Khalil, wakakimbilia kwenye gari, na njiani askari akawasimamisha. Starr ni binti wa miaka 16, Mmarekani mweusi kama Khalil, na ndiye anayesimulia. Askari amemtoa Khalil nje, amerudi kwenye gari lake, na kijana akasogea mlangoni kumuuliza mwenzake kama yuko salama. Basi, ni hilo tu alilofanya, akapigwa risasi. Ile bunduki ambayo askari alidai aliiona garini ilikuwa brashi ya nywele.

Nilifunga kitabu nikatoka nje. Ilikuwa saa tano usiku, baba yako ameshalala. Unajua nimekaa wodini miaka 31. Nimepokea vijana wa bodaboda walioletwa juu ya mkokoteni, nimewafumba macho watoto wa watu, na zamuni sikuwahi kutoa chozi, nililia nikishafika nyumbani. Lakini brashi hiyo ilinishinda. Wiki ile ile mjukuu wangu, mume wangu mdogo, alikuwa amenipigia kwa video, chanuo amelichomeka kwenye nywele, anacheka, na sauti imeshaanza kuwa nzito. Mabega nayo yametanuka. Mimi namwona mtoto. Nikajiuliza, mtu asiyemjua akimkuta barabarani huko kwenu Columbus, Marekani, usiku, atamwona nani?

Halafu kuna jambo lililonifanya nirudi nyuma nisome upya. Starr anasema alipofika miaka 12 wazazi wake walimkalisha chini mara mbili. Mara ya kwanza kumweleza mambo ya mwili, kama tunavyofanya sote, wengine kwa kujikakamua. Mara ya pili kumfundisha afanyeje akisimamishwa na polisi: mikono ionekane, asishtuke, ajibu anapoulizwa. Mimi hilo somo la pili sikukupa, kwa kuwa sikujua kama lipo. Nilikufundisha kurudi kabla ya magharibi na kutopokea lifti za watu. Wewe sasa unalea mahali ambapo mama yako hakuwahi kulea, na umri wa mwanao ni ule ule.

Sehemu iliyoniuma zaidi hata ya Khalil, ni pale Maverick, baba yake Starr, anapolazwa kifudifudi na polisi mbele ya duka lake huku watoto wake wanatazama. Huyo ndiye aliyewafundisha kutoogopa. Mtoto akishamwona baba yake chini namna hiyo, maneno gani ya mzazi yatafika tena? Nilimfikiria mumeo anavyoingia zamu saa saba usiku.

Na Lisa, mama yao, ni muuguzi kama mimi. Nilimpenda sana yule mama. Anakemea, anapika, anasali, na mwanawe akishtuka usiku yuko pale. Hakumlazimisha kusema, wala hakumwacha peke yake na siri yake. Mimi kwako, mwanangu, sikuwa hivyo.

Unakumbuka ulipokuwa kidato cha pili, nikakuta Rosa Mistika ya Kezilahabi chini ya godoro lako? Nilikunyang'anya bila hata kukuuliza umefika wapi. Nilichokijua ni kwamba kiliwahi kupigwa marufuku mashuleni, basi nikajua ni uchafu. Nilikaa nacho miaka, na nilikuja kukisoma wewe umeshaolewa. Ndani yake nikamkuta Zakaria anampiga bintiye kwa sababu ya barua ya mvulana, na Rosa anatoka kwao hajui lolote kuhusu wanaume zaidi ya kuwaogopa, mpaka dunia ikamfundisha kwa njia yake. Kumbe mwandishi alikuwa anasema na sisi wazazi. Sikukupiga, lakini nilikufungia mlango ule ule, na baadaye ulipopata yale matatizo chuoni, ulimwambia shangazi yako. Mimi nilisikia mwisho. Sikulaumu hata kidogo. Nisamehe.

Hicho cha Angie Thomas nacho nimesikia mwaka 2017 kiliingia kwenye orodha ya vitabu vilivyolalamikiwa zaidi huko Marekani, kwa sababu ya matusi na dawa za kulevya. Matusi yamo, sikatai. Lakini mwanao anapanda basi la shule kila siku, ameshayasikia yote. Asichokuwa nacho ni mtu mzima wa kukaa naye yanapozungumzwa.

Kwa hiyo mpe. Ila usimkabidhi ukaenda jikoni. Soma naye kile kipande cha garini, umweke karibu, na akinyamaza umwache anyamaze. Kisha mfikishe pale Starr anapoeleza kwamba shuleni kwake kwa wazungu ana namna moja ya kusema na mtaani ana nyingine. Hapo atakuwa na la kukueleza, maana hata kwenye simu nasikia anavyobadilisha sauti akiitwa na wenzake. Muulize ipi inamchosha. Jumapili mkimaliza sura, nipigieni, mimi hapa nitakuwa nimesoma sura hiyo hiyo.

Binti wa jirani anasafiri mwezi ujao. Nimempa kanga mbili zako, ubuyu wa mtoto, na ile Rosa Mistika yako. Pembe ya ukurasa ulipoishia bado imekunjwa.

Mama yako