Maswali na majibu: Mashine ya kuchanganya vinywaji ya kujiundia mwenyewe

Nina Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya bodi moja) na pampu nne za volti 12. Naweza kuchomeka pampu moja kwa moja kwenye pini zake?

Hapana, utaiunguza Raspberry Pi. Pini hizo hutoa volti 3.3 na miliampea chache tu, ilhali hata pampu ndogo hula umeme mwingi kuliko huo. Kazi ya pini ni kutoa amri. Nguvu itoke kwenye adapta ya volti 12, na katikati ikae rilei au transista, yaani swichi inayowashwa na amri ya pini. Ukichagua transista, waya hasi wa adapta uungane na waya hasi wa Raspberry Pi, na kila pampu iwekewe dayodi (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu), kwa sababu mota inapozimwa hurudisha umeme wa ghafla unaoweza kuua transista.

Kila nikiwasha mashine, pampu zote huzunguka kidogo kabla programu haijafunguka. Imeharibika?

Haijaharibika. Bodi nyingi za rilei hujiwasha pini inaposhuka hadi volti sifuri, na kompyuta inapoamka pini zinakuwa hazijapewa amri yoyote. Weka swichi kwenye umeme wa pampu, uiwashe mwisho, programu ikiwa tayari.

Niandike programu yangu au nichukue iliyopo?

Anza na iliyopo. CocktailBerry, kwa mfano, ni programu huria iliyoandikwa kwa Python, lugha ya kuandikia programu, kwa ajili ya Raspberry Pi. Hutunza mapishi na kuendesha pampu. Uzuri wa programu huria ni kwamba ukikwama unaufungua msimbo, unasoma, unarekebisha. Ukiamua kuandika yako, jambo moja nakusihi: programu ikikatika njiani, lazima pampu zizimwe. Katika Python, weka amri ya kuzima ndani ya `finally`, sehemu inayotekelezwa hata hitilafu ikitokea. Bila hivyo hitilafu ndogo itamwaga chupa nzima mezani.

Glasi ya kwanza hutoka kama maji, ya pili na kuendelea ni tamu kupita kiasi. Programu ndiyo mbovu?

Nalipenda swali hili, maana hapa ndipo mashine nyingi hushindwa. Programu haikioni kinywaji, inahesabu sekunde tu. Ukiiambia kwamba pampu inatoa mililita 1.6 kwa sekunde, basi ikitakiwa kutoa mililita 80 itaiendesha sekunde 50, iwe inasukuma shira au hewa.

Nadhani ulipima pampu ya shira mrija wake ukiwa mtupu. Sekunde za mwanzo zilisukuma hewa, kipimo kikawa kidogo, programu ikaamini pampu ni mvivu. Sasa inaiendesha muda mrefu kuliko inavyohitajika, na ndiyo maana glasi ya pili inakuwa tamu mno. Ile ya kwanza ni nyepesi kwa sababu hewa imerudi mrijani mashine ilipokaa.

Jaza mrija kwanza mpaka kinywaji kitokeze mdomoni mwake. Kisha endesha pampu sekunde 30, pima kilichotoka, gawanya kwa 30. Rudia mara tatu. Kila pampu ipimwe kwa kinywaji chake, kwani shira nzito haitembei kama maji. Ukitumia mizani, kumbuka kwamba gramu moja ni mililita moja kwa maji. Shira ni nzito zaidi, kwa hiyo tumia chombo chenye alama za mililita. Mirija ikichoka, pima upya.

Soda inaweza kupita kwenye pampu?

Mimina kwa mkono mwishoni. Mapovu huharibu kipimo, na gesi hupotea njiani.

Pampu ipi ni rahisi kusafisha?

Ile ya peristaltiki, ambayo magurudumu yake huukamua mrija kutoka nje. Kinywaji hakigusi chuma wala mota, kinagusa mrija peke yake. Nunua mirija ya silikoni inayoruhusiwa kwa chakula. Kila baada ya matumizi chovya ncha zote kwenye maji ya uvuguvugu, uendeshe pampu mpaka maji yatoke meupe kabisa, kisha uziendeshe kavu mirija ibaki tupu. Usiahirishe hadi kesho: sukari ikikauka ndani, mrija huganda pale magurudumu yanapoubana, na hapo utalazimika kuubadilisha.