Usikubali diski ifutwe kabla draiva sahihi haijawa mkononi mwako

Ndugu yangu, mpigie huyo fundi simu leo hii umwambie asiiguse kompyuta yako. Umeeleza kwamba waifai ilitoweka, kwamba ulipoiondoa draiva ya adapta ya mtandao, yaani programu inayoiwezesha Windows kukiendesha kifaa hicho, ili uiweke upya ilikataa kurudi, kwamba sasa unaona pembetatu ya manjano yenye msimbo wa 10, na kwamba fundi mmoja wa Kadutu amekuahidi kufuta diski yote kesho asubuhi na kuweka Windows mpya kwa dola 15. Nilipofika kwenye neno kufuta niliacha kazi iliyokuwa mbele yangu, kwa sababu mwezi wa Julai 2021, papa hapa Bukavu, nami niliikubali ahadi kama hiyo, na gharama yake nililipa kwa miezi minne.

Wakati ule nilikuwa na secrétariat public, duka la kupiga chapa na fotokopi, kule Nyawera, yenye kompyuta mbili za mkononi, printa na mashine ya fotokopi. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho walikuwa wanakimbizana na tarehe ya kuweka mémoire zao, yaani tasnifu, na wengine waliniachia maandishi ya mkono nipige chapa, kwa hiyo nakala pekee iliyosahihishwa ilikuwa ndani ya kompyuta yangu. Betri ya kompyuta hiyo ilikuwa imekufa siku nyingi. Umeme ulikatika usiku mmoja Windows ikiwa katikati ya kujisasisha, na asubuhi waifai haikuwepo tena.

Nilifanya ulichofanya wewe. Nilifungua Gestionnaire de périphériques, dirisha la Windows linaloorodhesha vifaa vyote, nikaiondoa adapta, na nikatia alama kwenye kile kisanduku kinachotaka kujua kama draiva yenyewe ifutwe pia. Usipotia alama, Windows hukiondoa kifaa kwenye orodha tu, na nakala ya draiva hubaki katika hifadhi yake ya ndani, folda iitwayo DriverStore, kiasi kwamba ukiwasha upya kifaa hurudi chenyewe. Ukitia alama, nakala hiyo nayo inaondoka, na kompyuta iliyokosa mtandao inabaki inatafuta kwenye mtandao draiva ambayo bila hiyo haiwezi kuufikia mtandao. Kama hukutia alama, una bahati kubwa kuliko unavyodhani.

Nikamwita fundi. Alikuja na fleshi yenye draiva za kila namna, akazijaribu moja baada ya nyingine, na Windows ikawa inazikataa. Ilikuwa na sababu. Kila draiva huja na faili ya maelezo, yenye mwisho wa inf, ambayo ndani yake yameorodheshwa majina ya vifaa inavyoweza kuviendesha, na Windows ikikuta jina la kifaa chako halimo, hairuhusu. Yeye hakusoma jina la kifaa. Alipita njia ya kuchagua mwenyewe kwenye orodha, akachukua draiva ya Intel, Windows ikamwonya kwamba huenda haitafanya kazi, naye akabofya ndiyo. Kifaa changu kilikuwa cha Realtek. Hapo ndipo msimbo wa 10 ulipojitokeza, maana yake kifaa kimepewa draiva lakini kimeshindwa kuanza. Tangu saa hiyo, kila tulipoiondoa na kuwasha upya, Windows iliiokota tena ile ile mbovu, kwa kuwa sasa ndiyo iliyokuwa imehifadhiwa ndani. Kwa macho yetu ilionekana kama draiva inakataa kurudi, kumbe ilikuwa inarudi kila mara, ila isiyo yake.

Baada ya saa mbili alisema kwa sauti ya mtu mwenye uhakika: "Windows imeharibika, dawa ni kuformati." Nilimuuliza kuhusu kazi za wanafunzi. Alinijibu kwamba diski ina sehemu mbili, kwamba mafaili yangu yapo kwenye D, na kwamba yeye atafuta C peke yake. Nilimwamini, nikatoka nje kumhudumia mteja wa fotokopi. Niliporudi, skrini ilionyesha sehemu moja tu, diski nzima, na Windows mpya ikiendelea kujiandika juu yake. Alikuwa amezifuta sehemu zote mbili kwa sababu ile ya kwanza ilimletea ujumbe wa kosa na hakutaka kupoteza muda.

Humo zilikuwamo kazi za wanafunzi 11. Saba walikuwa na nakala za zamani kwenye barua pepe au kwenye karatasi. Wanne hawakuwa na kitu isipokuwa madaftari yao, na masahihisho ya maprofesa wao yalikuwa yamepotea. Nilifunga mlango wiki mbili nikipiga chapa usiku kwa mwanga wa taa ya sola, kompyuta ya pili ikichajiwa kwa jirani mwenye jenereta. Mmoja hakuwahi tarehe ya kuweka kazi, na nililazimika kumrudishia ada ya kipindi kilichofuata, kidogo kidogo hadi Novemba. Mama yake alikuja kuniona, akakaa kwenye benchi muda mrefu bila kusema neno. Bado nikipita Nyawera naiona ile benchi.

Tena usikie hili, kwa sababu ndilo lililonifanya nikuandikie. Windows mpya ilipomaliza kujiweka, pembetatu ya manjano ilikuwa pale pale, safari hii na msimbo wa 28, unaosema kwamba draiva haipo kabisa. Fleshi ya kuwekea Windows hubeba draiva za vifaa vingi lakini haibebi za vyote, na changu hakikuwamo. Tulikuwa tumefuta kila kitu ili kurudi mahali pale pale, tukiwa maskini zaidi. Na kama huyo fundi wako ana mpango wa kukuwekea Windows 11 ya toleo la Home, ujue kwamba hiyo wakati wa kujiweka hudai intaneti kabla ya kukuruhusu kuingia, na kompyuta yako haina intaneti.

Nina hasira hadi leo na watu wanaotembea mjini na fleshi moja na neno moja, kuformati, kwa kila ugonjwa. Daktari anayekata mguu kwa sababu ya mwiba tungemfukuza mtaani. Huyu tunamlipa, tunampa na soda, kwa sababu anabofya haraka na sisi tunaona haya kuuliza swali la pili. Fundi ambaye hajakuuliza nakala za mafaili yako ziko wapi hajastahili kushika kompyuta yako.

Aliyeniokoa alikuwa mmoja wa wale wanafunzi wanne. Alichomeka simu yake ya Android kwa kebo, akawasha kushirikisha intaneti kwa njia ya USB, na kompyuta ikapata mtandao papo hapo, kwa kuwa Windows huitambua simu ya namna hiyo bila kuhitaji ile draiva ya waifai iliyokosekana. Kisha akafungua sifa za kile kifaa chenye pembetatu, akaingia Détails, akachagua Numéros d'identification du matériel, yaani namba za utambulisho wa kifaa, akasoma herufi na tarakimu zinazofuata VEN na DEV. VEN humtaja mtengenezaji: 8086 ni Intel, 10EC ni Realtek, 14E4 ni Broadcom, 168C ni Qualcomm Atheros. DEV hutaja kifaa chenyewe. Akaenda kwenye tovuti ya kampuni iliyounda kompyuta, akaandika modeli, akapakua draiva inayolingana. Dakika 20, na mega chache za simu yake.

Kwa hiyo usiondoe chochote tena, wala usifute, mpaka draiva yenye namba inayolingana na kifaa chako iwe kwenye fleshi na mafaili yako yawe nje ya kompyuta hiyo. Leo jioni nakili kwanza mafaili. Pili tengeneza folda iitwayo draiva kwenye fleshi, fungua dirisha la amri kama msimamizi, uandike pnputil /export-driver * E:\draiva, ukibadilisha E kwa herufi ya fleshi yako. Amri hiyo itakunakilia draiva zote zilizoongezwa baada ya Windows. Tatu andika pnputil /enum-drivers na uangalie zile za kundi la Cartes réseau, yaani adapta za mtandao. Ukikuta ya mtengenezaji ambaye si wako, hiyo ndiyo inayokaa kwenye kiti cha mwenzake. Chukua jina lake, tuseme oem23.inf, uiondoe kwa pnputil /delete-driver oem23.inf /uninstall, kisha uweke ile sahihi uliyopakua kwa simu. Unapomaliza tumia Redémarrer, yaani kuwasha upya, usizime na kuwasha, kwa maana kuzima kwa kawaida katika Windows za siku hizi mara nyingi huhifadhi hali ya kiini cha mfumo na kuirudisha ilivyokuwa.

Kabla fundi hajabisha hodi kesho, niandikie hapa hizo tarakimu nne za VEN na nne za DEV, pamoja na modeli iliyobandikwa chini ya kompyuta. Nitakuwa macho hadi saa sita usiku.