Seva ikilemewa, mlango wako usifungwe

Wewe unayeanza kusimamia seva za Linux, iko siku utaandika ssh (amri ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali), utabonyeza Enter, na skrini itabaki imekutazama tu. Ping, jaribio la kuona kama seva ipo mtandaoni, inajibu vizuri. Muunganisho unapokelewa. Ila kuingia huingii. Mimi yalinikuta usiku kwenye seva ya RAM GB 8: skripti ya ripoti, niliyoianzisha kwa mkono wangu, ilikuwa imemeza kumbukumbu yote.

Ping hujibiwa na kerneli yenyewe, yaani kiini cha Linux, haihitaji diski. Kuingia kwako ni habari nyingine: sshd, programu inayopokea ssh upande wa seva, lazima izae mchakato mpya, ihakiki utambulisho, iamshe bash (programu inayopokea amri zako), na vipande vya programu hizo vimeshaondolewa kwenye RAM. Lazima visomwe tena diskini, nayo diski imebanwa na swapu, yaani sehemu ya diski inayotumika RAM ikijaa. Sekunde 120 zikiisha, sshd inakukatia.

Wengi hulaumu prosesa. Prosesa ikijaa, Linux bado inagawa zamu. Utaingia, ingawa kwa kusuasua. Endesha vmstat 1 utazame safu za si na so (data inayorudi kutoka swapu na inayoenda swapu). Namba zikifoka humo bila kutulia, shida ni kumbukumbu.

Kumbukumbu ikiisha, kerneli huua mchakato. Usihangaike kuilinda sshd isiuawe, maana OpenSSH, kifurushi chake, huilinda yenyewe ile inayosikiliza mlangoni. Mfunge mlaji wa kumbukumbu. Kwa huduma ya kudumu, tumia systemctl edit na jina la huduma, uweke MemoryHigh (kikomo cha kuipunguzia kasi) na MemoryMax (kikomo cha mwisho cha kumbukumbu), na CPUWeight=20 (uzito wa zamu ya prosesa) badala ya 100 ya kawaida. Kwa kazi ya mara moja:

sudo systemd-run --scope -p MemoryMax=2G -p MemorySwapMax=0 ./ripoti.sh

Ikivuka GB 2 inauawa yenyewe. Ripoti utairudia asubuhi. Ila hifadhidata ya watu ikizimwa kwa nguvu namna hiyo, ni balaa jingine kabisa. (Hii inataka cgroup v2, mfumo wa kerneli wa kuwekea michakato vikomo, ambao Debian 11 na Ubuntu 22.04 zinayo tayari.)

Na kabla ya kuanzisha kazi nzito yoyote, fungua dirisha la pili, ingia kama root (msimamizi mkuu), uliache wazi. Mambo yakiharibika usiite top (orodha ya michakato), huenda ikaganda ikingoja diski. Amri za kill (kuua mchakato) na echo zimo ndani ya bash yenyewe, hazihitaji kuamsha programu mpya kutoka diskini. Kama namba ya mchakato huna, andika echo f > /proc/sysrq-trigger: kerneli itamchagua mlaji mkubwa na kumuua papo hapo.