Msomaji Anauliza: Je, Nusu Siku Inatosha Kuiona Córdoba?

SWALI: Mhariri, mimi na mume wangu tutakuwa Uhispania mapema mwezi wa Mei. Wenzetu waliotutangulia wanasema kwamba nusu siku inatosha kuuona Msikiti Mkuu wa Córdoba na kurejea Madrid kwa treni ya jioni. Je, ni kweli? Na je, tutaruhusiwa kuswali humo?

JIBU: Dada yetu, nianze na swali lako la pili, kwa kuwa jibu lake ni fupi na huwavunja moyo wengi: hamtaruhusiwa. Tangu Ferdinand III, mfalme Mkristo wa Castile, alipouteka mji huo kutoka kwa Waislamu mwaka 1236, jengo hilo limekuwa kanisa, misa huadhimishwa humo hadi leo, na Muislamu akionekana anarukuu, walinzi humzuia. Ni afadhali mlijue hilo kabla ya kufika.

Ama kuhusu muda, sikubaliani na wenzenu. Treni ya mwendo kasi kutoka Madrid huchukua chini ya saa mbili, na urahisi huo ndio unaowaponza wageni, kwani hushuka mchana jengo likiwa limefurika watu, kisha huondoka kabla jua halijapoa. Laleni huko usiku mmoja, ili asubuhi muwe mlangoni kabla ya makundi ya watalii kuwasili.

Mkiingia, msikimbilie kupiga picha. Abd al-Rahman wa Kwanza, amiri wa Kiislamu wa Córdoba, alipoanza ujenzi katika miaka ya 780, mafundi wake walitumia nguzo zilizotolewa katika majengo ya kale ya Warumi na ya Wavisigothi (watu waliotawala Uhispania kabla ya Waislamu), ambazo zilikuwa fupi mno kwa ukumbi mpana kiasi kile. Ndipo wakaweka tao juu ya tao ili kuinua dari, wakipishanisha jiwe jeupe na tofali jekundu, na hivyo uhaba wa urefu ukazaa uzuri ambao watawala waliofuata waliuendeleza kila walipoupanua msikiti, hata nguzo zikazidi 850. Tazameni vichwa vya nguzo za sehemu hiyo ya kwanza, mtaona jinsi vinavyotofautiana. Kisha nendeni polepole hadi kwenye mihrabu ya al-Hakam wa Pili, mmoja wa watawala hao, iliyonakshiwa katika karne ya 10 kwa vipande vidogo vya kioo na dhahabu.

Katikati ya nguzo hizo mtakuta kanisa kuu lililoanza kujengwa mwaka 1523. Wapo wanaoliona kama kidonda. Mimi nami hulitazama kwa uchungu kidogo, ingawa nadhani kuwa pasipo kanisa hilo huenda msikiti wenyewe ungebomolewa zamani.

Mei ni mwezi mwema kwenu, kwa sababu ndipo wenyeji hufungua milango na kuwaonyesha wageni nyua za ndani za nyumba zao, kuta nyeupe zikiwa zimetundikwa vyungu vya maua hadi juu. Shindano la nyua hizo lilianza mwaka 1921, na mwaka 2012 UNESCO iliitambua sherehe hiyo kuwa urithi wa dunia usioshikika. Wekeni nafasi ya chumba mapema, maana siku hizo mji hujaa.

Siku ya pili asubuhi, kabla ya joto, nendeni Madinat al-Zahra, magofu ya mji wa kifalme ulioanzishwa mwaka 936, kilomita chache magharibi mwa Córdoba. Sinagogi ya mwaka 1315 ni ndogo, haitawachukua muda. Daraja la Kirumi liacheni hadi jioni.

Msiogope lugha. Masikio yenu yatanasa "azúcar", ambayo ni sukari, "aceituna", ambayo ni zeituni, na hata "hasta", ambayo ni hiyo hiyo hata yetu, kwa kuwa Kihispania nacho kilikopa kwa Waarabu. Tahadhari moja tu mezani: salmorejo, supu nzito ya baridi ya nyanya, mkate na mafuta ya zeituni, kwa kawaida hunyunyiziwa juu yai na nyama ya nguruwe. Mkiagiza, semeni "sin jamón", yaani bila nyama ya nguruwe, kabla haijatoka jikoni.