Supavaiza kakata chanzo changu, kosa liko wapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi niko mwaka wa tatu nasomea afya ya jamii, risachi yangu inahusu kwa nini kina mama wengine wanaogopa watoto wao kuchanjwa. Sasa kuna makala ya mwaka 1998 nimeitumia, imetoka The Lancet kabisa, lile jarida la udaktari la Uingereza, inahusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji, supavaiza kaipiga mstari mwekundu kaandika tu "ilishafutwa". Mbona tunaambiwaga jarida likiwa kubwa ndo la kuaminika? PDF nilirushiwa na rafiki WhatsApp.
Mwanafunzi, Mbeya

JIBU: Marahaba binti yangu. Supavaiza yuko sahihi, japo angekufafanulia kidogo, mstari mwekundu peke yake haufundishi mtu. Hiyo makala ya Andrew Wakefield na wenzake, Lancet wenyewe waliifuta, yaani walitangaza si ya kutegemewa tena, Februari 2010, na mwaka huohuo huyo bwana akaondolewa kwenye rejista ya madaktari Uingereza. Ungeingia kwenye tovuti ya jarida lenyewe ungekuta wameandika wazi kabisa kwamba imefutwa, sasa wewe umeletewa faili mkononi, utajuaje? Ukirushiwa chanzo, chukua kichwa chake ukitafute mwenyewe mpaka kilikotoka.

Ila hata kama isingefutwa, ungefika kwenye sehemu ya mbinu ungeshtuka. Watoto 12! Chekechea ya mtaani kwenu ina wengi kuliko hao, na hapakuwa na kundi la kuwalinganisha nalo, af waandishi wenyewe walikiri humohumo kwamba hawajathibitisha uhusiano wowote. Utafiti wa Denmark wa 2002 uliangalia watoto zaidi ya 530,000, waliochanjwa na wasiochanjwa, haukuona usonji ukizidi kwa waliochanjwa. Na pesa je? Wakefield alikuwa analipwa na mawakili waliokuwa wanaandaa kesi dhidi ya watengeneza chanjo, wasomaji hawakuambiwa.

Sasa usiitupe, we si unaandika kuhusu woga? Itaje kama mojawapo ya mahali woga ulipoanzia huko Uingereza, na useme ilifutwa. Ila woga wa Mbeya usidhani umetokea hukohuko, kina mama wa huko hawasomi Lancet, tafuta kwenye tovuti ya African Journals Online uone watafiti wa kwetu wameandika nini.

Na huyo rafiki, kama kakurushia PDF zingine, anza nazo leo kabla hujarudi kwa supavaiza.